Geti linalofunguka kwa taa za gari: macho kwanza, wepesi baadaye



Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukifunga daftari la michango msikitini, ndugu mmoja katika waumini wetu alitusogelea akatuuliza jambo lisilohusu michango wala ratiba ya darsa. "Katibu," alisema, "nimesikia kwenu geti linafunguka kwa taa za gari. Nami nataka nifunge kwangu. Mama watoto ni muuguzi, akitoka zamu ya jioni hufika nyumbani karibu saa tano usiku. Sitaki ashuke garini kusukuma geti gizani."

Tulimjibu kwamba nia yake ni njema, na kwamba kifaa hicho kipo na kinafanya kazi. Kisha tukamwomba asinunue chochote mpaka asome makala ya wiki hii, kwa kuwa yapo mambo ambayo sisi tuliyajua tukiwa tumeshachelewa. Na kwa kuwa mageti ya umeme yanazidi kuongezeka katika mitaa yetu hapa Dar es Salaam, tumeona jibu lake liwe la wasomaji wote.

Kwanza tueleze kifaa chenyewe. Rimoti ya kawaida ya geti hutuma mawimbi ya redio, aghalabu ya megahezi 433, yakiwa yamebeba namba ya siri. Kisanduku cha mota kikiitambua namba hiyo, geti huanza kwenda. Rimoti ya taa ni ndugu wa rimoti hiyo, ila haina kitufe cha kubonyeza wala betri yake yenyewe. Hufichwa chini ya boneti au nyuma ya dashibodi, ikaunganishwa na waya wa taa kubwa za mbele, zile ambazo mafundi huziita fulu. Dereva akimulika fulu mara mbili kwa haraka, umeme hukifikia kifaa, nacho hutuma namba yake. Huko Marekani, ambako mota ya umeme ya mlango wa banda la gari ilibuniwa mwaka 1926 na C. G. Johnson, kifaa hiki kimependwa hasa na waendesha pikipiki, maana mtu aliyeshika usukani kwa mikono miwili hana pa kuweka rimoti.

Faida zake ni za kweli. Rimoti inayoning'inia kwenye kibao cha kuzuia jua huonekana na kila apitaye, na mwizi akivunja kioo huondoka na ufunguo wa nyumba yako. Rimoti ya taa haionekani, haiangushwi sokoni, haichezewi na watoto. Mama anayerudi usiku hubaki ndani ya gari lililofungwa milango mpaka geti liwe wazi. Ni kwa sababu hizo nasi tuliitaka.

Sasa tuseme yaliyotupata.

Kabla ya mota, geti letu lilifunguliwa na mlinzi, mzee mmoja wa Lushoto aliyekaa nasi miaka minne. Tukifika tulimulika taa mara mbili, naye akafungua. Lakini hakufungua papo hapo. Kwanza aliinama, akachungulia chini ya geti, ndipo akasukuma. Siku nyingine tulikuwa na haraka, na kuinama kule kulituudhi. Tulidhani ni uzee.

Mota ilipofungwa, tuliona hatuna tena haja ya mlinzi wa mchana. Tukampa haki yake, tukamuaga kwa wema, akarudi kwao. Fundi aliyetufungia mota alituuliza kama tunataka na macho ya umeme, yaani visanduku viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande wa njia ya geti, vikipitisha mwali usioonekana. Chochote kikiukata mwali huo, geti linalofunga husimama na kurudi nyuma. Tuliuliza bei, tukasema tutayaweka mwezi ujao. Kisha geti likawa zito kwenye reli, fundi akaongeza nguvu ya mota ili lisikwame. Mwezi ule ujao ukapita, nasi badala ya macho tukanunua rimoti ya taa.

Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, tulifika nyumbani na familia ikiwa garini. Tulimulika mara mbili, geti likafunguka lote. Kabla hatujaingia, mtoto wa jirani, wa miaka kama saba, anayerudi madrasa na mkoba wake wa juzuu begani, alisimama katikati ya njia ya geti akiangalia mpira uliobingirika uani. Tukafanya analolifanya kila dereva wa mji huu: tukamulika taa mara mbili kumwambia apite.

Mtoto alielewa vingine. Mwanga ulimpiga machoni, akasimama pale pale. Mota nayo ikaelewa vingine. Kwake, ishara ya kwanza ni kufungua na ishara ya pili ni kufunga, basi geti likaanza kurudi. Tulipiga honi, naye akazidi kuduwaa. Mama wa watoto alifungua mlango akakimbia, akamvuta mkono. Geti liliubana mkoba wa juzuu kwenye nguzo, likaendelea kuusukuma mpaka mshipi wa mkoba ukakatika. Mtoto alichubuka kiwiko. Alhamdulillah, hakupatwa na zaidi ya hapo, lakini sisi tuliuona ule mkoba, na tulijua kifua cha mtoto kingekuwa wapi laiti asingevutwa.

Tulimpeleka kwao wenyewe, tukaeleza kila kitu bila kupunguza. Mama yake alimpapasa mwanawe mwili mzima kwanza. Kisha akatuuliza swali moja tu: "Kwani yule babu yuko wapi?"

Usiku ule tulimpigia simu mzee kule Lushoto kumjulia hali, na mwishowe tukamsimulia. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mimi nilikuwa natazama miguu kwanza, wanangu. Watoto wa pale hukaa getini." Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Ndugu wasomaji, taa za gari katika mitaa yetu zina maneno yake. Tunazimulika kumsalimu jamaa, kumwambia mwenye bajaji apite, kumwonya bodaboda, kumwomba mtu aondoke njiani. Anayezipokea siku zote alikuwa mtu, mwenye macho na akili ya kupambanua. Tulipoyafunga maneno hayo kwenye mota, tuliipa amri bila kuipa macho. Kosa halikuwa la mtoto wala la mashine. Lilikuwa letu, tulioujua wajibu tukauahirisha kwa ajili ya wepesi. Chuoni tulifundishwa kwamba kuzuia madhara hutangulia kutafuta manufaa. Tuliijibu kanuni hiyo vizuri kwenye karatasi ya mtihani, tukaisahau getini petu.

Wenzetu wa Marekani walilipa gharama kubwa kujifunza hili. Watoto walibanwa na milango ya mabanda ya magari wakafariki, mpaka sheria ikaamuru kwamba mota za milango hiyo ya majumbani zinazotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya kuzuia mtu kunaswa. Sisi hatuna sababu ya kungoja msiba ndipo tujifunze.

Basi kwa ndugu yetu aliyeuliza, na kwa kila anayekusudia, huu ndio utaratibu tunaoushauri baada ya kuyarekebisha ya kwetu.

La kwanza ni macho. Usiruhusu mota iwashwe kabla ya macho ya umeme kufungwa. Yawekwe chini, usawa wa mwili wa mtoto na si wa kifua cha mtu mzima. Sisi tumeweka jozi mbili, moja chini na moja juu yake. Yafutwe vumbi kila wiki.

La pili ni nguvu ya mota. Geti likiwa zito, tengeneza reli na magurudumu, usiongeze nguvu. Kisha lijaribu: simamisha boksi kubwa tupu kwenye njia ya geti linapofunga, mahali ambapo mwali wa macho haupiti. Likiligusa linapaswa kusimama au kurudi. Likiliponda, mwite fundi siku hiyo hiyo. Jaribio hili lirudiwe kila mwezi, na kamwe lisifanywe kwa mkono wa mtu.

La tatu ni kuitenga amri ya taa. Mwambie fundi aiweke kwenye sehemu ya kisanduku cha mota inayofungua tu, isiyofunga. Visanduku vingi vina nafasi hiyo. Kufunga kufanywe kwa kitufe kilicho ndani ya ua, na mtu anayeliona geti kwa macho yake. Kwetu sasa tukimulika taa mara mia moja, geti haliwezi kufunga.

La nne ni ufungaji ndani ya gari. Kifaa kizuri hungoja mimuliko miwili ndani ya sekunde chache. Fundi asije akakata rimoti ya kawaida na kuiunganisha moja kwa moja na waya wa taa, maana itatuma namba kila uwashapo fulu, hata unapopita tu jirani na nyumbani. Tena rimoti nyingi hutumia betri ya volti 3 au 12, ilhali gari likiwa linanguruma umeme wake hufika volti 14 na kitu. Bila kipunguza umeme rimoti huungua. Waya uwe na fyuzi yake ndogo karibu na pale unapoanzia.

Lipo pia jambo linalowasumbua mafundi wengi kwenye magari ya Kijapani tunayoyatumia. Katika mengi ya hayo, hasa Toyota za zamani, swichi ya taa haikati waya chanya bali waya hasi. Waya chanya wa taa huwa na umeme muda wote, taa ziwake zisiwake. Fundi akiunganisha kwa mazoea, kifaa kitafanya kazi bila amri au hakitafanya kabisa. Mwambie apime kwa mita kwanza, taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa, kabla ya kugusa waya wowote.

La tano ni namba ya siri. Rimoti za zamani hutuma namba ile ile miaka yote. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kwamba kifaa cha kuchezea watoto kilichobadilishwa kidogo kinaweza kujaribu namba zote za rimoti za aina hiyo na kufungua mlango kwa chini ya sekunde 10. Nunua mota na kifaa chenye namba inayobadilika kila inapotumika, na uulize hivyo waziwazi kabla ya kulipa.

La sita ni amana. Gari lenye kifaa hiki ni ufunguo wa nyumba. Ukiliacha gereji, ukimwazima shemeji, ukiliuza, umetoa na ufunguo. Kabla ya kuuza, futa namba ya gari hilo kwenye kumbukumbu ya mota. Likiibwa, futa kabla hata ya kwenda kituoni. Na kila mtu mzima wa nyumba ajue ufunguo wa kuitenganisha mota uko wapi, ili umeme ukikatika au moto ukizuka geti lisukumwe kwa mkono.

La saba halinunuliwi dukani. Wakalisheni watoto, wenu na wa majirani, muwaeleze kwamba geti lile lina nguvu lakini halina huruma, na kwamba njia yake si mahali pa kusimama wala kuchezea. Nanyi madereva, mkifika getini zimeni fulu, simameni, tazameni. Mtoto akiwa njiani, shusheni kioo mmwite kwa jina lake. Taa zisitumike kuzungumza na mtoto.

Jirani yetu alitusamehe. Tulinunua mkoba mpya, lakini mtoto alikataa kuuacha ule wa zamani, mama yake akaushona mshipi. Kila jioni anapita nao mbele ya geti letu, nasi kila tukifika tunasimama, mmoja wetu anashuka na kuchungulia chini ya geti kabla ya kumulika taa. Kwa mama anayerudi peke yake usiku, kazi hiyo na ifanywe na aliyebaki nyumbani: apigiwe simu, atoke uani, atazame, ndipo taa zimulikwe. Dakika moja haitampotezea usingizi.

Ndugu yetu, funga kifaa chako, na Mwenyezi Mungu amrudishe mkeo salama kila usiku. Anza na macho.

Wabillahi tawfiq.