Kuku akipona mdondo, tumtazame miguu

UKISIMAMA Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile ya Lindi, utamwona mchuuzi wa kuku akifanya kazi yake. Anampima kuku uzito kwa mkono, kisha anamgeuza na kumtazama miguu. Akikuta imevimba na magamba yamesimama, bei inashuka hapo hapo, na mama mwenye kuku hana la kujibu.

Kinachoshusha bei hiyo ni utitiri wa miguu, mdudu mdogo sana ambaye wataalamu humwita Knemidocoptes mutans. Huchimba chini ya magamba, hula ngozi na kuzaliana humo humo. Unga mweupe huganda, magamba hunyanyuka na mguu hunenepa. Kuku huwashwa na kuchechemea, na asipotibiwa muda mrefu vidole vinaweza kupinda au kukatika.

Kwa miaka mingi wafugaji hawakuupa ugonjwa huu uzito, nao walikuwa na sababu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza kuku wa kaya nzima ndani ya siku chache. Nani apoteze mafuta kwa miguu ya kuku ambaye huenda asifike msimu ujao? Kiuchumi, huo haukuwa ujinga.

Sasa hesabu hiyo inabadilika. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, itakayodumu miaka 5. Katika kampeni hiyo kuku wa asili wanachanjwa bila malipo, na mdondo ni miongoni mwa magonjwa yanayolengwa.

Hilo ni jambo jema, lakini lina upande wa pili. Kuku asiyekufa kwa mdondo huishi muda mrefu, na utitiri wa miguu huwasumbua zaidi kuku waliokomaa. Huenea polepole kwa kugusana, kwenye vichanja wanakolala, na kutoka kwa mama kwenda kwa vifaranga. Kuku wakiongezeka ndani ya banda lile lile dogo, mdudu huyu hupata nafasi. Tusipojipanga, faida ya chanjo itavuja kupitia miguuni.

Tuchukue mfano. Kaya ina kuku 15 wa kuuza, 6 kati yao wana miguu mibovu, na mchuuzi anapunguza sh 3,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni hasara ya sh 18,000. Korosho na ufuta huuzwa kwa msimu, na mkulima husubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Kuku ndiye hununua daftari na kulipa nauli ya hospitali katika miezi iliyobaki, na mara nyingi fedha yake iko mikononi mwa mama.

Tiba yenyewe haina gharama kubwa. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini. Usibandue magamba kwa kucha, utamtoa damu. Kausha, halafu paka mafuta ya nazi mguu mzima hadi vidoleni ili kumkosesha mdudu hewa. Rudia mara 2 kwa wiki kwa wiki 3 hadi 4, kwani waliojificha ndani hawafi kwa mpako mmoja.

Kutibu mguu na kuliacha banda ni kazi bure. Safisha vichanja, choma matandiko ya viota, na kuku mgeni atengwe wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Wapo wanaotumia mafuta ya taa matupu au oili chafu ya gari. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na oili chafu ina sumu isiyofaa kwa mnyama tunayemla. Dawa ya ivermektini huua utitiri, lakini itumike kwa maelekezo ya afisa mifugo, maana masalia yake hubaki katika nyama na mayai kwa muda.

Kwa mtazamo wangu, gharama kubwa ya kumtibu kuku wa kienyeji si dawa, ni kumkamata. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi michache, na kila kuku hushikwa mkononi. Siku hiyo hiyo mchanjaji amtazame miguu, na mwenye kuku awe na mafuta yake karibu. Halmashauri za Kilwa na Lindi zinaweza kuliingiza jambo hili katika mafunzo ya wachanjaji bila kusubiri bajeti mpya.

Mama wa Nangurukuru hawezi kumpangia mchuuzi bei. Sababu ya kupunguziwa, hiyo anaweza kuiondoa mwenyewe nyumbani, mwezi mmoja kabla ya kwenda kuuza.