Anasoma au amekariri?

Mtoto wa darasa la kwanza anafungua kitabu na kumaliza ukurasa mzima bila kukosea. Mzazi anafurahi. Lakini akifunika picha na kumwonyesha neno moja la katikati, mtoto anakwama. Hajasoma, amekariri.

Dawa yake haina gharama. Mzazi aoshe vizibo vya soda, kisha abandike ndani ya kila kimoja karatasi yenye silabi moja: ka, ta, ma, li. Mtoto atamke kila kizibo, aunganishe viwili, asome: ka-ta, kata. Kisha avibadilishe nafasi: taka. Ma-li ni mali, vikigeuzwa, lima. Hapo kukariri hakusaidii, maana vizibo vilevile vimetoa neno jingine.

Silabi ngumu kama nga na mbwa zisubiri. Dakika 10 kwa siku zinatosha, kisha vizibo virudi kwenye kopo, mbali na mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni.

Akikosea, asigombezwe wala kuchekwa. Arudie silabi mojamoja kwa kidole. Mtoto anayeogopa hubahatisha ili yaishe, na kubahatisha kukizoeleka, madarasa ya juu humkuta bado hajui kusoma.