Giza la Njiani

Tangu mwaka 2018, mkoa wa Ruvuma ulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako, hitilafu iliyozuka mbali yatosha kuutia mji wa Mbinga gizani ghafla, na msafiri wa kata ya Ruanda aliyelimatia sokoni hana budi kudandia bodaboda, tochi ya simu mkononi, huku malori yabebayo makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka yakimtia kiwi na kumfukiza vumbi. Ajabu iliyoje! Ardhi ya kata yake, yenye makaa hayo, yalisha tanuri za viwanda vya saruji, naye arejea kwa ahali zake akipapasa. Twaisihi halmashauri itie taa za sola stendi na kwenye njia panda, kabla ya masika.