Umeme wa jua Bukavu: plake bila batri hazitoshi

Wakaaji wa Bukavu waliochoshwa na delestaji wanatoa akiba zao kununua plake za jua. Anayefika dukani hukutana na swali moja: mtambo uungwe na laini ya SNEL, au ujitegemee na batri zake?

Ule wa kuungwa na laini ndio rahisi kwa bei, kwa sababu hauna batri, na batri ndiyo inayokula pesa nyingi. Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuambiwa kabla hajalipa. SNEL ikikata, mtambo huo nao unajizima wenyewe. Si ubovu. Umetengenezwa hivyo ili umeme wa plake usirudi kwenye waya na kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa. Basi saa sita mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, nyumba yenye plake kumi inakosa umeme sawasawa na jirani asiye na hata moja.

Mtindo huo una maana katika nchi ambako umeme haukatiki ovyo na mwenye nyumba hulipwa kwa anachorudisha kwenye laini, kama Ujerumani ilivyoweka katika sheria mwaka 2000. Bukavu inategemea mabwawa ya Ruzizi: la kwanza ni la enzi za ukoloni, la pili la mwaka 1989 linagawanywa na Rwanda na Burundi. Tena nyumba nyingi hazina mita, zinalipa kiasi kilekile kila mwezi. Hata jua likilisha nyumba hizo mchana kutwa, bili haishuki franka moja.

Kujitegemea nako kuna hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanaumia. Batri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 hubeba wati-saa 1.200, na ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Zinabaki 600. Balbu tano za wati 9 kwa saa tano ni 225. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Simu zinachukua kidogo kilichobaki. Pasi ya wati 1.000 ingemaliza yote kwa dakika 36. Na mvua ya Bukavu, inayoanza Septemba hadi Mei, ina siku ambazo batri haijai.

Kwa familia ya kipato cha kawaida, mtambo mdogo wenye batri na waya zake peke yake kwa taa, televisheni na simu ndio unaofaa. Pasi na jiko vingoje SNEL. Mwenye uwezo achukue ule wa mchanganyiko, unaojaza batri kwa jua na kwa laini, na unaojitenga nayo inapokatwa. Muuzaji naye, kabla ya kupokea pesa, ateremshe swichi kubwa ya SNEL palepale dukani, mteja aone kama taa zinabaki.