Wastaafu wa Buha Washike Kalamu

Kila mwaka walimu, matabibu, mabwana shamba na makarani wa Wilaya za Kasulu na Kibondo hutimiza umri wa miaka 60, ambao ndio mwisho wa utumishi kwa mujibu wa sheria, wakakabidhi funguo za ofisi na kurejea katika vijiji vyao. Huagwa kwa hotuba na zawadi, na tangu siku hiyo jamii huwahesabu kuwa ni watu waliomaliza kazi. Fikra hiyo si sahihi. Ipo kazi moja ambayo wao wanaiweza kuliko watu wengine wote, nayo ni kuiandika historia ya Buha kwa njia ya riwaya, kwa Kiswahili, na kuichapisha wangali hai.

Nchi za juu za Kigoma hazikosi historia. Tawala za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na wami wao, wateko wao waliosimamia mambo ya ardhi, na mila ya ubugabire iliyomfunga mpokeaji wa ng'ombe kwa aliyempa. Kinachokosekana ni historia hiyo kusimuliwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita katika nchi hiyo akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, Waha wanaonekana kama watoza hongo tu. Stanley anasimulia jinsi alivyodaiwa na mkuu mmoja baada ya mwingine, mpaka akaamua kuutorosha msafara wake usiku kupitia porini ili asikutane na wadai wengine. Simulizi hiyo ilisomwa duniani kote. Lakini mkuu aliyemwona mgeni mwenye bunduki na mizigo akikatiza nchini mwake, naye akadai ushuru kama desturi ilivyotaka, hakuandika kitu. Kwa hiyo mpaka leo msomaji anaijua njia ile kwa macho ya mpita njia, wala haijui kwa macho ya mwenye nchi.

Mambo yaliyofuata baadaye ni mazito zaidi. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Kibondo na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Buha ikafanywa ghala la vibarua. Kutoka mwaka 1944 chama cha waajiri kilichojulikana kama SILABU kilikusanya vijana na kuwapeleka katika mashamba ya mkonge, na jina la manamba likaingia katika maisha ya kila ukoo. Heru ikapata mwami mwanamke, Theresa Ntare, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Baada ya Uhuru ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, na mara mbili, mwaka 1972 na mwaka 1993, mauaji ya Burundi yakawaleta wakimbizi kwa maelfu mengi. Mtu anayestaafu leo aliiona Operesheni akiwa mtoto. Aliyestaafu miaka 20 iliyopita aliwasikia wazee waliorudi kutoka Tanga na Morogoro wakisimulia habari za mkonge kwa vinywa vyao wenyewe. Wazee wale wengi wamekwisha kuzikwa. Aliyewasikia naye anazeeka.

Wapo watakaouliza kwa nini iwe riwaya, wala si kitabu cha historia. Jibu ni kwamba kumbukumbu zilizopo hazitoshelezi. Vitabu vya Wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza vinataja kodi, mipaka na ugomvi wa urithi wa utawala. Havisemi mke wa manamba aliishije miaka miwili bila barua, wala havisemi kijana aliyerudi na blanketi na baiskeli alipokewaje na baba yake. Mambo hayo yamo katika masimulizi ya nyumbani, na masimulizi yana mapengo. Mwanahistoria akifika penye pengo hana budi kusimama. Mwandishi wa riwaya anaruhusiwa kuvuka, mradi avuke kwa uaminifu: miaka, vita, njaa na majina ya watawala viwe vya kweli, na aliyoyabuni yawe yale ambayo yangeweza kutokea kwa watu wa namna ile katika wakati ule.

Kazi hiyo ilikwisha kufanywa nchini. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya maisha ya visiwa vile kabla ya kuja kwa wageni. Hakupata mchapishaji. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 katika majuzuu mawili, yenye habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka 1981 Kitereza alifariki bila kukishika mkononi kitabu alichokingojea kwa miaka 35.

Habari hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba uzee haumzuii mtu kuandika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alistaafu kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mwaka 2017. Mwaka 2020 akatoa riwaya ya Afterlives inayohusu watu wa Afrika Mashariki chini ya Wajerumani na katika vita ya 1914 hadi 1918, na mwaka 2021 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya fasihi. Fundisho la pili ni kwamba kuandika ni nusu tu ya kazi. Riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, Paradise, ilipata tafsiri ya Kiswahili, Peponi, mwaka 2022, yaani baada ya miaka 28. Muswada uliofungiwa sandukuni haumfundishi mtu, na mchwa wa Kasulu hawachagui karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari lisilosomwa na mtu hupotea vilevile.

Liko pia shaka kwamba riwaya za kabila moja zitaamsha ukabila. Shaka hiyo isidharauliwe, hasa mpakani. Lakini Kitereza hakuugawa umoja wa taifa. Alipoyaleta mambo ya Ukerewe katika Kiswahili, aliyafanya kuwa mali ya Mmakonde na ya Mpemba pia. Kinacholeta madhara ni historia ya kujisifu. Mwandishi wa Buha atakayewapamba wami na kuficha kwamba ubugabire uliwafanya watu wengine watwana wa wenye ng'ombe, atakuwa ameandika utenzi wa ukoo, si riwaya ya taifa. Vilevile atakayeandika habari za Operesheni hana budi kueleza shule na zahanati zilizopatikana, na pia nyumba zilizobomolewa na migomba iliyoachwa. Mzee aliyestaafu hana cheo cha kugombea. Anaweza kusema yote mawili.

Zinahitajika hatua za vitendo. Mstaafu asianze na kiwanda cha chapa. Aanze na wazee waliosalia, aandike maneno yao pamoja na tarehe na mahali, kisha alinganishe na kumbukumbu za parokia na za Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Kwa kuwa Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu, ni wajibu wa halmashauri za wilaya kuomba nakala za Vitabu vya Wilaya ziwekwe karibu na wananchi. Walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari wanaweza kuwa wasomaji wa kwanza na wasahihishaji wa miswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, imefungua mlango kwa riwaya, na haimfungii mtu kwa sababu ya mvi. Habari zake zifike Kibondo kama zinavyofika mijini.

Mstaafu naye ajihadhari asimalize kiinua mgongo chake kwa kulipia nakala elfu zitakazolala chini ya kitanda. Nakala chache zilizosomwa, zikasahihishwa na kufika shuleni, zina faida zaidi. Mtoto wa Kasulu anayefundishwa leo kwamba Stanley alipita Buha anastahili kusoma pia habari za wale waliomwona akipita. Wenye uwezo wa kumwandikia wako vijijini, wana kalamu, na sasa wana nafasi.