Kabla ya kununua difu ya nne, tuulize ya kwanza ilivunjwa na nini

KUNA gharama moja inayovifilisi kimyakimya vikundi vyetu vya biashara huku mpakani, nayo si ushuru wala bei ya dola. Ni matengenezo ya gari lile lile, mahali pale pale, kila baada ya miezi michache. Leo difu, kesho krosi za propela, keshokutwa beringi, halafu difu tena. Kila mara wanachama wanachanga, kila mara fundi anasema "sasa limepona", na kila mara linarudi gereji likivutwa kwa kamba.

Naandika haya kwa sababu najua gari hizo zilivyonunuliwa. Wengi wetu tuliorejea kutoka kambi za Tanzania kuanzia mwaka 2002 na kuendelea hatukuwa na mtaji wa mtu mmoja kununua gari. Mimi nilikimbia mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasomea kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu, nikarudi mwaka 2008 na cheti changu na begi moja. Wengine walibaki hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2012. Tuliporudi huku Makamba na Mabanda tuliunganisha vijisenti: huyu aliuza mbuzi, yule alitoa fedha ya mavuno ya mihogo, mama mwingine akatoa faida ya miaka miwili ya kuuza vitenge. Pikapu ya namna hiyo ikisimama, si gari tu lililosimama. Ni ada za shule, ni dawa, ni mbolea ya msimu ujao.

Hoja yangu ni moja. Kitu kinachovunjika mara mbili mahali pale pale hakikutengenezwa, kilibadilishwa tu. Kabla ya kutoa fedha mara ya tatu, mwenye gari ana haki ya kuambiwa chanzo, na fundi ana wajibu wa kukisema.

Tutazame barabara zetu wenyewe. Gari linatoka milimani kwa njia ya udongo na matope, linashuka Mugina, linavuka Manyovu, kisha linakamata lami hadi Kigoma. Pikapu nyingi tunazotumia, zikiwemo Hilux na Land Cruiser 70 nyingi, zimeundwa ziende kwa tairi mbili za nyuma, na dereva aingize gia ya tairi nne pale tu panapoteleza. Gia hiyo ikiingia, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zikazunguka kwa mwendo mmoja. Lakini gari likikata kona, tairi za mbele husafiri njia ndefu kuliko za nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo haina madhara, kwa kuwa tairi inateleza kidogo na chuma kinapumua. Kwenye lami kavu tairi haitelezi. Chuma kinajinyonga ndani kwa ndani, usukani unakuwa mzito, gia inakataa kutoka, na mwisho wake sehemu iliyo dhaifu kuliko zote inakatika.

Dereva anayetoka kwenye matope na kusahau gia ya tairi nne hadi Kigoma mjini anaivunja difu kidogo kidogo, na anaongeza ulaji wa mafuta, mafuta ambayo sote tunajua yalivyotusumbua miaka hii. Wala hasikii mlio wowote siku hiyo. Mlio huja wiki kadhaa baadaye, naye ataapa kwamba alikuwa anaendesha taratibu.

Chanzo cha pili ni maji. Difu inayotoka safari ndefu huwa na joto. Ikitumbukizwa kwenye mto wenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio kilichoharibika au sili zilizochakaa. Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa, na hailindi tena meno wala beringi. Kuifungua nati ya oili na kutazama rangi yake ni kazi ya dakika chache. Fuateni kitabu cha gari kuhusu muda wa kubadilisha oili ya difu na ya giaboksi, na kwa barabara zetu zenye mito na matope gaweni muda huo kwa mbili.

Chanzo cha tatu ni tairi. Mbele mpya, nyuma zimekwisha, au kipimo kimoja mbele na kingine nyuma. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa, kwa hiyo gia ya tairi nne ikiingia, chuma kinanyongwa hata kwenye njia iliyonyooka. Kwa magari yale yanayovuta tairi nne muda wote hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hayo hayapumziki kabisa.

Chanzo cha nne ndicho kilichotupata sisi. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu. Difu ya mbele ya pikapu yetu ilivunjika mara tatu katika miezi 14. Fundi wetu alikuwa na jibu moja: "Mwalimu, hizi difu za mtumba zimechoka tu. Tutafute nyingine." Fedha ya nne nilikataa kuitoa hadi niambiwe chanzo, na wanachama wakaniunga mkono, ingawa wawili walikuwa wameshadai hisa zao wajitoe.

Tulimpata mzee mmoja fundi, upande wa Kasulu. Hakuuliza kwanza kilichovunjika. Aliuliza: "Difu ya nyuma mliibadilisha lini?" Kwenye daftari ilikuwemo: miezi miwili kabla ya matatizo kuanza. Akahesabu meno. Ya mbele, iliyotakiwa na gari lile, ilikuwa na meno 41 kwa 10. Ya nyuma, ile ya mtumba iliyofungwa, ilikuwa na meno 43 kwa 10. Kwa macho zinafanana, bolti zinaingia, gari linatembea. Lakini ukiingiza tairi nne, kila mita 100 tairi za mbele zinataka kuzitangulia za nyuma kwa karibu mita 5. Kwenye matope zinateleza na kusamehe. Kwenye lami jino linakatika. Difu zote tatu za mbele tulizolipia hazikuwa na kosa. Mkosaji alikuwa nyuma, mzima kabisa, na hakuna aliyemhesabu.

Yule mzee alitufundisha pia namna ya kupima bila kufungua difu. Ziba tairi nyingine kwa mawe, toa gia, toa gia ya tairi nne. Inua tairi moja tu ya nyuma, mwenzake abaki chini. Weka alama ya chaki kwenye propela, zungusha tairi iliyoinuliwa mizunguko miwili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara 4 na kidogo, linganisha hicho "kidogo" na difu ya mbele. Kwa difu za kawaida hesabu hiyo haidanganyi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza.

Kuna jambo jingine linalotuponza sisi watu wa mipaka miwili: lugha ya gereji. Kigoma wanasema difu, propela, giaboksi. Bujumbura na Uvira fundi aliyejifunza kwa Kifaransa anasema ponti, kardani, bwati. Nimeona watu wakitumwa kununua kitu kwa simu na kurudi na kingine. Andikeni jina kwa lugha zote mbili, idadi ya meno, na namba iliyo kwenye bamba la gari. Na tusidanganyane mpakani: utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Difu iliyotoka Japani haigeuki kuwa ya Kigoma kwa sababu umeinunua Kigoma. Ushuru wake uingizwe kwenye hesabu mapema, maana spea isiyo sahihi unailipia mara mbili, dukani na forodhani.

Wapo watakaosema gari limezeeka, liuzwe. Huenda ni kweli, lakini uamuzi huo unahitaji hesabu. Ukiuza gari bila kujua chanzo, utanunua jingine na kulifungia tairi zile zile, dereva yule yule, na mazoea yale yale. Wapo pia watakaosema mafundi ni wezi. Mimi sikubali kuwaweka wote kapu moja. Wengi hawakufundishwa kutafuta chanzo. Walifundishwa kufungua na kufunga, na sisi tunawalipa kwa kufungua na kufunga. Anayechukua siku nzima kupima na kuhesabu tunamwita mvivu, tunakimbilia anayesema "kesho asubuhi mnaondoka".

Kwa hiyo nashauri haya. Kila kikundi chenye gari kiwe na daftari lake: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, kilichosababisha, na jina la aliyefanya. Kambini tulikuwa na kadi ya posho. Kilichoandikwa pale hakikubishaniwa, na ambacho hakikuandikwa hukukipata. Pili, spea iliyovunjika irudi kwa wenye gari, isibaki gereji, maana jino lililokatika lina habari. Tatu, malipo ya fundi yagawanywe, sehemu akimaliza, sehemu gari likishatembea safari mbili za Kigoma. Nne, shule zetu za ufundi zifundishe vijana kuuliza "kwa nini" kabla ya kushika spana. Watoto wa waliorejea wanaotafuta ajira wapo wengi, na magari yanayohitaji fundi wa namna hiyo hayahesabiki.

Pikapu yetu ilifungwa difu ya nyuma yenye meno 41 kwa 10. Dereva ameandikiwa kwa wino mwekundu mbele ya usukani: LAMI, TOA. Wale wanachama wawili hisa zao bado zimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Sisi huku mpakani tumejenga kuta za kutosha kwa fedha ambazo hatunazo. Ndugu zangu, tukague ufa.