Kanuni za Uchaguzi Zitungwe Hadharani

Wapo watu, na baadhi yao ni mawakili ninaowaheshimu, wanaoshikilia kwamba tume ya uchaguzi isibanwe na taratibu zinazofuatwa na wizara zinapotunga sheria ndogo. Uchaguzi, wanasema, hausubiri. Nami nasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kuibana.

Tuitazame Kenya. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa sheria ndogo inamtaka mtungaji ashauriane na watakaoguswa, na akishachapisha kanuni zake azifikishe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Asipofanya hivyo, kanuni hukoma kuwa na nguvu. Si masharti mazito hayo.

Ukaja mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba. Kifungu cha 257 kinadai sahihi za wapiga kura milioni 1, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ndiyo inayozihakiki. Tume ikajitungia “taratibu za kiutawala” za kazi hiyo, na Januari 2021 ikatangaza kwamba sahihi zaidi ya milioni 1.1 zimekubaliwa. Zilikubaliwa kwa kipimo gani? Tume haikuwa na vielelezo vya sahihi za wapiga kura vya kulinganishia. Ilichokuwa nacho ni daftari la majina. Yaani, mniwie radhi, sahihi zilihakikiwa bila sahihi kutazamwa.

Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu ilizibatilisha taratibu hizo, pamoja na mengine mengi, ikisema zilikiuka vifungu vya 5, 6 na 11 vya sheria ile. Kweli, Machi 2022 Mahakama ya Juu ilitofautiana nayo kuhusu akidi ya tume. Lakini suala la akidi si hili.

Hoja wanayoipenda zaidi ni uhuru wa tume. Eti Bunge likizipitia kanuni, wanasiasa wataiteka. Hofu hiyo ina uzito, maana wabunge nao ni wagombea. Lakini ni tume ipi iliyo salama zaidi: iliyoanika kanuni zake mapema zikabishaniwa, au inayotoa waraka dakika za mwisho? Hiyo ya pili ndiyo itakayopigiwa simu usiku. Kanuni iliyokwisha chapishwa haipokei simu.

Na hilo jina “taratibu za kiutawala” ndilo linalonikera. Waraka wa kupanga zamu za madereva ni wa kiutawala. Waraka unaoamua kama sahihi ya mama wa Lamu au mfugaji wa Turkana itahesabiwa ni sheria, uuite utakavyo, na hao wawili wana haki ya kuulizwa kabla haujaanza kutumika.

Ama kuhusu muda, jukumu la kuhakiki sahihi limo katika Katiba tangu mwaka 2010. Miaka 10 haikutosha kuandika kurasa chache na kuzipeleka Bungeni?